Kihisi cha Hewa katika Gari: Utunzaji, Ubadilishaji na Msamiati Wake Ufuoni mwa Usenge

Mji wa Usenge umo katika eneo la Yimbo, Kaunti ya Siaya, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na mashua zinazokwenda kisiwani Mageta hung'oa nanga ufuoni mwake. Injini inayosikika sana hapo ni ile inayofungwa nyuma ya mashua, aghalabu ya Yamaha, na baada yake ni ya bodaboda. Nyingi kati ya injini hizo hutumia kabureta. Kabureta haina siri kubwa: hewa inapopita katika koo lake jembamba, kanieneo yake hushuka, na petroli hufyonzwa kutoka kwenye bakuli dogo ikachanganyika na hewa hiyo. Fundi huisikiliza injini, akageuza skrubu robo mzunguko, akaisikiliza tena. Elimu yote imo sikioni na vidoleni.

Gari aina ya Probox linalobeba abiria au samaki baina ya Usenge, Bondo na Kisumu halina koo la namna hiyo. Ndani yake mna kompyuta inayoamua nozo zifunguke kwa muda gani, nayo haiwezi kuamua kabla ya kuambiwa ni hewa kiasi gani imeingia. Mwenye kuiambia ni kifaa cha plastiki kinachoenea kiganjani, kilichochomekwa kwenye bomba baina ya kisanduku cha filta na injini. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, kinavyochafuka, kinavyosafishwa na, inapobidi, kinavyobadilishwa. Aidha, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, yanaonyesha jinsi neno moja lililotumiwa ovyo linavyoweza kumtia mwenye gari gharama asizostahili.

Jina la kifaa na kile kinachopimwa

Mafundi hukiita sensa ya hewa, au sensa tu pale ambapo muktadha umekwisha kubainisha. Neno hilo limetoholewa kutoka Kiingereza, nalo lilipofika lilikuta kiti kimekaliwa. Sensa katika Kiswahili ilikuwa tayari ni hesabu ya watu, mathalani ile iliyofanywa Kenya mwaka 2009 na tena mwaka 2019, au Tanzania mwaka 2002, 2012 na 2022. Mgongano huu hauna haja ya kusikitisha. Kifaa chenyewe hufanya sensa hasa: huhesabu gramu za hewa zinazopita mlangoni, sekunde baada ya sekunde, bila kuuliza hewa hiyo imetoka wapi.

Wapendao kuunda maneno kutokana na mizizi iliyopo hutumia kihisi, kihisio au kitambuzi. Kihisio kina sifa ya kiambishi tamati -o kinachozaa majina ya vyombo kama vile kizibo na kifuniko. Kihisishi nacho kingefaa kimaumbo, ila wanasarufi wamekwisha kukichukua kutajia maneno kama lo! na ole! Hapa litatumika neno kihisi kwa ufupi wake, na sensa pale usemi wa karakana unapohitajika.

Ugumu mkubwa zaidi hauko katika nomino hiyo. Uko katika kile kinachopimwa. Kihisi hiki hakipimi ujazo wa hewa, yaani nafasi inayochukuliwa na hewa. Hupima tungamo, yaani kiasi cha hewa yenyewe. Istilahi ya tungamo imezoeleka katika vitabu vya sayansi vya Tanzania. Nchini Kenya, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, wengi watasema uzito, na karakanani neno hilo latosha. Lisilotosha ni kusema kwamba kifaa hupima "upepo" au "hewa nyingi na hewa kidogo", kwa maana hapo ndipo fundi na dereva wanapoanza kupotezana.

Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 12 ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Lita moja ya hewa ya Usenge, basi, ni nyepesi kuliko lita moja ya hewa ya Kilindini, ingawa zote ni lita moja. Jua la adhuhuri likiongezeka, hewa hutanuka na kuwa nyepesi zaidi. Alfajiri, wakati wavuvi wa omena wanaporudi, huwa nzito kidogo. Petroli haijali lita za hewa. Huungua vyema pale ambapo gramu 1 yake inapopata gramu 14.7 za hewa, hapo na kila mahali. Kompyuta ikihesabu lita peke yake itamwaga petroli ileile Mombasa na Usenge, na ya Usenge itazidi. Kihisi kinachopima tungamo huondoa tatizo hilo bila mtu kugeuza skrubu yoyote.

Waya unaopozwa

Jinsi kinavyopima ni jambo la kupendeza. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitumia kibao chenye bawaba kilichosukumwa na hewa iliyoingia, mfano wa mlango unaosukumwa na upepo. Pembe ya mlango ndiyo iliyokuwa habari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyo ikaleta waya moto, na huo ndio unaopatikana, kwa maumbo mbalimbali, katika magari mengi ya leo.

Ndani ya kihisi mna waya mwembamba wa platini, au utando mwembamba unaofanya kazi hiyohiyo. Umeme hupitishwa ndani yake ili uwe na joto linaloizidi hewa inayoingia kwa nyuzi 100 hivi au zaidi. Hewa ikipita huupoza, kama mtu anavyopuliza uji kwenye kijiko. Kazi ya saketi ni kuudumisha waya katika joto lilelile, kwa hiyo hewa ikizidi, umeme nao huzidishwa. Kiasi cha umeme kilichohitajika ndicho kipimo cha hewa iliyopita. Kando ya waya huo huwa pana kipimajoto kidogo, kwani ili kujua waya umepozwa kiasi gani ni sharti kujua hewa ilikuwa na joto gani tangu mwanzo. Katika Probox na magari mengi ya Toyota vyote viwili hukaa katika kasha moja lenye nyaya tano.

Injini ndogo iliyokwisha kupata joto, ikizunguka bila gari kwenda, huvuta gramu 2 hadi 4 za hewa kwa sekunde. Mguu ukikanyaga, kiasi hicho huongezeka mara kumi na zaidi.

Si kila gari lina kihisi cha aina hii. Mengine, zikiwemo Honda nyingi za miaka ya 1990, hupima kanieneo iliyomo ndani ya njia ya hewa na kukisia tungamo kwa hesabu. Katika magari ya dizeli yenye kihisi cha hewa, kazi yake kubwa ni kusaidia kuratibu moshi unaorudishwa ndani ya injini, kwa hiyo dalili za ubovu wake hutofautiana na zile za petroli. Maelezo yanayofuata yanahusu gari la petroli.

Vumbi, wadudu na filta

Lita 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 11 za hewa ili iungue sawasawa. Ufuoni Usenge, wakati wa joto la mchana, hizo ni zaidi ya lita 10,000 za hewa. Kila moja ya lita hizo hupita kwanza katika filta ya karatasi, kisha kwenye waya. Ni rahisi kuona kwa nini afya ya kihisi ni afya ya filta.

Barabara za vumbi zinazotoka vijijini kuelekea ufuoni hutoa mzigo wa kwanza. Wa pili hutoka ziwani kwenyewe. Wadudu wadogo wa Ziwa Viktoria huibuka majini kwa mamilioni, hasa karibu na siku za mwezi mwandamo, wakapanda angani mfano wa moshi unaofuka. Mgeni anayeliona wingu hilo kwa mbali hudhani kijiji kinaungua. Upepo ukilisukuma nchi kavu, wadudu hukusanyika kwenye taa, kutani, kwenye kioo cha gari, na katika mdomo wa bomba la hewa. Filta nzima huwazuia, lakini huziba mapema kuliko muda ulioandikwa katika kijitabu cha mtengenezaji. Kijitabu hicho hakikuandikwa kwa kuizingatia Yimbo. Afadhali filta ifunguliwe na kutazamwa kila mara oili ya injini inapobadilishwa, na kila baada ya wingu la wadudu.

Balaa huja pale filta inapochoka na mwenye gari akaahirisha kuibadilisha, au inapowekwa ya bei rahisi isiyokaa sawasawa katika kisanduku, au, jambo ambalo hutokea, inapoondolewa kabisa "ili gari lipate pumzi". Vumbi jembamba hufika kwenye waya, huungua juu yake na kujenga ganda. Vilevile kuna filta za kitambaa zinazopakwa mafuta maalumu. Zikipakwa kupita kiasi, mafuta huruka na kuugandia waya, kisha vumbi hushikamana na mafuta. Jambo moja ni neema: maji ya ziwa hili ni baridi, si ya chumvi, kwa hiyo vibano vya nyaya haviliwi na kutu kwa kasi inayojulikana na mafundi wa Mombasa.

Kufa na kuchafuka

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika injini, hata hivyo, wingu moja huweza kuleta mvua za namna tatu. Gari hukosa nguvu linapopanda mlima, huzima kwenye makutano, hutetemeka lisimamapo, hunywa petroli kuliko ada, na taa ya injini huwaka. Dalili hizi zote huweza kutokana na kihisi kichafu, au ufa katika bomba la mpira, au plagi zilizochakaa, au pampu dhaifu ya petroli.

Hapa lugha huingia kazini. Katika usemi wa karakana kitenzi kufa kimepewa kazi nyingi mno. Betri hufa, plagi hufa, koili hufa, na sensa hufa. Dereva aliyeambiwa "sensa imekufa" haulizi tena. Maiti haitibiwi, huzikwa. Atatafuta sensa nyingine Kisumu, au kuiagiza kutoka maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na huenda ikamla faida ya siku kadhaa. Kumbe mara nyingi sensa hiyo haikufa. Imechafuka. Kati ya vitenzi hivyo viwili kuna tofauti ya mkebe mmoja wa dawa ya kupulizia na kipuri kizima.

Neno mafuta nalo huleta utata wake. Dereva akilalamika kwamba gari "linakula mafuta", anaweza kumaanisha petroli au oili. La kwanza huelekeza kwenye hewa, plagi na nozo. La pili huelekeza kwenye ringi za pistoni. Fundi mzuri huuliza "mafuta gani?" kabla hajafungua boneti. Hali kadhalika, "gari lina shida ya hewa" huweza kuwa gurudumu, breki au injini. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutenganisha mambo haya; kilichopungua ni mazoea ya kuyatenganisha.

Kompyuta ya gari yenyewe hutenganisha kwa makini. Ikiunganishwa na mashine ya kusoma hitilafu hutoa namba. P0102 maana yake ni kwamba ishara ya kihisi iko chini mno, na P0103 kwamba iko juu mno. Hapo hukaguliwa kwanza waya uliokatika au kibano kilicholegea. P0101 husema kwamba kipimo hakilingani na mwendo wa injini. P0171 haikitaji kihisi kabisa: yasema tu kwamba hewa imezidi petroli. Namba hii ya mwisho imesababisha vihisi vingi vizima kutupwa.

Njia ya kupambanua ipo, nayo haihitaji gharama. Kompyuta husahihisha kazi yake kila wakati. Kihisi cha oksijeni kilichomo katika bomba la moshi huiarifu kama mchanganyiko umepungukiwa au umezidiwa na petroli, nayo huongeza au kupunguza kwa asilimia, kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Masahihisho hayo husomeka kwenye mashine. Yakiwa karibu na sifuri, mambo ni shwari; yakizidi asilimia 10, kuna kasoro. Sasa, kama masahihisho ni makubwa gari likiwa limesimama na injini ikizunguka polepole, kisha yakapungua mwendo wa injini ukiongezwa, yaelekea kuna hewa inayojipenyeza baada ya kihisi, kwa mfano kupitia ufa wa bomba. Hewa hiyo haikuhesabiwa, na athari yake ni kubwa pale hewa halali ilipo kidogo. Kinyume chake, kama masahihisho ni madogo gari likisimama na yanazidi kukua kadiri gari linavyopewa kazi, lawama hurudi kwa waya uliovaa ganda, kwani ganda huuzuia usipozwe ipasavyo na huufanya utangaze hewa kidogo kuliko iliyopo. Pampu dhaifu ya petroli nayo huleta picha kama hii ya pili, kwa hiyo vipimo vya kihisi na nguvu ya pampu vyote hutazamwa.

Asiye na mashine anaweza kujaribu jambo moja. Injini ikiwa imezimwa, kibano cha kihisi huchomolewa, kisha injini huwashwa. Kompyuta ikikosa habari hutumia makisio yaliyohifadhiwa ndani yake. Taa ya injini itawaka. Hilo ni la kawaida. Gari likienda vizuri zaidi likiwa kipofu kuliko lilivyokwenda likiona, kihisi kimeshukiwa kwa haki. Ushahidi huu si wa mwisho, lakini haugharimu chochote.

Kusafisha

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa na ufunguo umetolewa. Wengi huondoa pia waya hasi wa betri. Kibano hufunguliwa kwa kubonyeza kilimi chake na kushika plastiki, si kwa kuvuta nyaya. Skrubu mbili hutolewa na kihisi huvutwa moja kwa moja juu. Kabla ya lolote, kitazamwe kwenye mwanga: bawa la mdudu lililonasa huonekana kwa macho matupu.

Kuanzia hapo kidole kisiguse waya. Wala mswaki, wala pamba, wala kitambaa. Mazoea mawili yanahitaji kukemewa waziwazi. La kwanza ni kuosha kihisi kwa petroli au kwa dawa ya kusafishia kabureta. Petroli huacha masalio, na dawa hiyo ya pili huweza kudhuru plastiki na tabaka linaloukinga waya. La pili ni kupuliza kwa mashine ya upepo ile inayojaza magurudumu; mkondo wake huweza kuukata waya ambao unene wake hukaribiana na wa unywele. Kuna dawa iliyotengenezwa mahususi kwa vihisi vya hewa, isiyoacha masalio. Hupulizwa kwa umbali wa sentimita 10 hivi, mara kumi au zaidi, kwenye waya na kwenye kipimajoto kilicho kando yake, ikaachwa ichuruzike na uchafu.

Kisha husubiriwa. Dawa hiyo huwaka moto upesi, na waya ndio utakaopashwa joto mara ufunguo utakapogeuzwa. Kwa hiyo kihisi kikauke kabisa, saa nzima ikiwezekana. Muda huo unafaa kwa kufuta kisanduku cha filta, kukagua filta yenyewe, na kulikunja bomba la mpira kwa mikono ili nyufa zilizojificha katika mikunjo zijitokeze. Wakati wa kurudisha, mpira wa duara unaoziba upenyo usisahaulike, na skrubu zikazwe kwa kiasi, maana zimeingia katika plastiki.

Kubadilisha

Kihisi hufa kweli: waya hukatika, saketi huungua, au maji huingia kibanoni. Kikisafishwa mara mbili na vipimo vyake vikabaki nje ya kiwango, ilhali bomba, nyaya na pampu ni nzima, ni wakati wa kukibadilisha.

Hapo kigezo ni namba, si umbo. Namba za Toyota za kifaa hiki huanza kwa 22204, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha kimoja na kingine. Viwili vinaweza kufanana kama mapacha, vikaingia katika tundu lilelile na kupokea kibano kilekile, lakini kila kimoja kikawa na ulinganisho wake wa umeme na hewa. Kompyuta itasoma kisicho chake kama msomaji anayesoma Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili: atatoa sauti, lakini maana itapotea. Magari mengi yanayoingia Kenya yametumika kwanza Japani, na vihisi vilivyotolewa katika magari ya huko huuzwa pia. Kilichotumika lakini halisi, chenye namba iliyo sawa, aghalabu hushinda kipya cha bandia. Cha bandia hujulikana kwa maandishi yaliyochapwa vibaya na kwa bei isiyoaminika.

Filta mpya iwekwe siku hiyohiyo, la sivyo kipuri kipya kitakabidhiwa kwa adui yuleyule. Mshale uliochorwa kwenye kasha, ikiwa upo, uelekee injini, kwa kuwa hewa hufuata mkondo huo. Namba za hitilafu zifutwe, pamoja na masahihisho ambayo kompyuta iliyazoea wakati wa kihisi kibovu. Pasipo hivyo itaendelea kwa muda kusahihisha kosa lisilokuwapo tena. Halafu gari liendeshwe kilomita kadhaa, Usenge hadi Bondo na kurudi kwa mfano, na masahihisho yasomwe upya gari likiwa limesimama na likiwa kazini.

Kihisi cha zamani kisitupwe siku hiyo. Kifungwe katika mfuko safi na kuandikwa tarehe. Baada ya juma moja gari likirudia kukosa nguvu likiwa na kihisi kipya, cha zamani hurudishwa kwa dakika tano. Na kama hapana tofauti baina yao, fundi ataanza upya kwenye bomba la mpira, akilipapasa mkunjo kwa mkunjo.